Hakubemendwa, Alinyimwa

Uji wa muhogo ukipoa hujifanya ngozi juu, ngozi ya kijivu, kama kitu kilichochunwa kwenye mwili wa mtu. Ukichota kwa kijiko unavutika kama kamasi. Huo ndio mwanangu alikuwa anakula asubuhi na mchana. Jioni ni ugali wa muhogo huohuo na mlenda. Na hiyo ni nyumba yenye zizi lililojaa ng'ombe.

Mimi nimezaliwa Ibadakuli, Shinyanga mjini. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikaolewa na mtoto wa wakulima, kijiji kimoja cha ndani kutoka barabara ya kwenda Chato. Mume wangu alikuwa mchimbaji huko machimboni Geita, anashuka duarani, shimo la mgodi, na wenzake kutafuta dhahabu, anaonekana nyumbani kwa nadra. Mimi nilibaki kwa wakwe, nalima, nateka maji, nalea.

Sisemi kwamba chakula hakikuwepo. Kingekuwa hakipo ningelia tu kama watu wengine. Chakula kilikuwepo, na hapo ndipo kichefuchefu changu kinapoanzia. Maziwa ya asubuhi yaliingia kwenye madumu, yakafungwa kwenye bodaboda, yakaenda kwa wachimbaji. Ya jioni yaligandishwa kwenye kibuyu cha baba mkwe, akanywa mtindi wake peke yake, au na mgeni. Mayai yalikwenda kwa wakaanga chipsi. Karanga zilikaa kwenye magunia zikisubiri bei ipande. Siku niliyochota kiganja kimoja nitie kwenye uji, jioni nililikuta gunia limefungwa upya kwa fundo ambalo huwezi kulifungua bila kujulikana.

Kuku akichinjwa, firigisi na mapaja ni ya baba mkwe. Watoto, wangu na wa mashemeji, hupewa miguu na mchuzi, wakakaa wanaangalia kidevu cha mzee kinavyong'aa mafuta. Siku moja binti yangu alitambaa mpaka kwenye sahani yake akanyoosha mkono. Mzee aliusukuma ule mkono kwa kiwiko, taratibu, kama mtu anayeondoa kifaranga, akaendelea kutafuna. Hakuna aliyeshangaa. Baadaye mama mkwe alinieleza, bila ubaya wowote, kwamba mtoto akizoea mayai anakuwa mwizi, akizoea nyama anakuwa mlafi, na wa kike ndiyo kabisa, nani atamuoa.

Binti yangu alipokaribia miaka miwili mashavu yakajaa. Majirani wakaanza kunipongeza, wananiita mayu, yaani mama. Mayu, unajua kulea, mtoto kanona kama ndama wa masika. Mama mkwe akawa anamtembeza nyumba hadi nyumba, anamminya mashavu. Mimi roho ilikuwa haitulii. Mtoto aliyenona hakai ukutani tangu asubuhi bila kumgusa mwenzake. Nywele zake zilikuwa zimepauka kama nywele za mahindi, na ngozi ya mapajani ilikuwa inabanduka vipande. Siku moja nilimvua viatu nikakuta kamba zimechimba mfereji kwenye mguu. Nikabonyeza kwa dole gumba. Shimo likabaki pale, halirudi, linaniangalia.

Picha ya mtoto wa hivyo niliiona kwenye kitabu cha baiolojia. Tulikuwa tunaicheka darasani.

Nilimwonyesha mama mkwe lile shimo. Uso wake ulibadilika, lakini siyo kwa jambo nililolifikiria mimi. Alikwenda moja kwa moja kwa mumewe, na kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa na neno moja mdomoni: kabemendwa. Maana yake ni kwamba mama anayenyonyesha akilala na mwanamume, hasa asiye wake, maziwa yake yanachafuka na mtoto anaharibika. Mume wangu hakuwa amekanyaga nyumbani tangu msimu wa kupanda. Kwa hiyo ilikuwa wazi kwao kwamba nina mtu.

Nilikatazwa kunyonyesha palepale. Titi langu ndicho kitu kizuri pekee alichokuwa anakipata yule mtoto, na hicho ndicho walichomwondolea. Tena wakasema dawa haitafutwi mpaka nimtaje mwanamume, kwa sababu bila jina dawa haishiki. Basi nyumba nzima ikakaa inangoja jina, na wakati inangoja, mtoto anapewa uji wa kijivu.

Mama mkwe alinibembeleza jikoni. "Taja tu, mayu. Hata kama ni yule muuza dagaa wa baiskeli, taja, tumtibu mtoto."

Nikamwambia kama ningekuwa na muuza dagaa, mtoto angekuwa amekula dagaa.

Jioni baba mkwe aliniita. Alikaa kwenye kiti chake, kibuyu kati ya miguu, nzi wamejaa kwenye mdomo wa kibuyu na yeye hana habari nao. Mkwe wa kike hupiga magoti mbele ya mzee na hamtazami usoni. Nilipiga magoti, nikamwamkia shikamoo, ila usoni nilimtazama. Mtindi ulikuwa umeganda kwenye ndevu zake, mabonge meupe mawili matatu, na alipoongea yalicheza. Akaniuliza ni nani aliyembemenda mjukuu wake.

"Ni wewe, baba," nikasema. "Maziwa yake hayo hapo kwenye ndevu zako."

Najua nilichosema. Kumwambia mkwe hivyo ni zaidi ya tusi, ni kama kumvua nguo mbele za watu. Mama mkwe alijiziba mdomo kwa kanga. Mzee kwanza alijipangusa ndevu, ndipo akashika fimbo, na hakunipiga. Alisema kesho niende kwa baba yangu, na mtoto nimwache, kwa sababu mahari ilishatoka na mtoto ni wa ukoo.

Nimwache anywe nini?

Asubuhi wanaume walipotoka na ng'ombe nilimfunga mtoto mgongoni nikakimbilia barabarani. Mwenye bodaboda nilimlipa jogoo wa baba mkwe. Aliniuliza kama ni wa wizi, nikamwambia ndiyo, akamfunga kwenye usukani tukaondoka.

Hospitali, nesi alibonyeza mguu kama nilivyobonyeza mimi, akasema kwashakoo, halafu akanigeukia. Nyie mna ng'ombe mpaka barabarani mnatuzuia kupita, alisema, na watoto wenu wanavimba kwa njaa, halafu na shule umesoma. Ukutani palikuwa na bango la vyakula: maziwa, mayai, karanga, maharage. Akanionyesha kimoja kimoja kwa kalamu, kama mimi ni kipofu.

"Hivyo vyote vipo nyumbani," nilimwambia. "Vinaliwa na wakubwa."

Nesi alirudisha kalamu mfukoni. Alikwenda kuchanganya maziwa ya dawa, na tulimnywesha kwa kikombe kidogo kidogo, usiku na mchana. Uvimbe uliposhuka nilimwona mwanangu jinsi alivyokuwa kweli: mifupa tu, na ngozi iliyolegea kama soksi. Nilitoka nje nikatapika. Halafu asubuhi moja alipiga kelele, kwa hasira, anakitaka kikombe. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Mume wangu alikuja kutoka machimboni na vumbi lake, na soda, na biskuti. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akauliza huyo mwanamume ni nani. Nikampa mtoto amshike. Alikaa naye mpaka maziwa ya dawa yalipoletwa, akaona mwenyewe mtoto anavyong'ang'ania kikombe. Hakuuliza tena, lakini hakuomba msamaha pia. Baba yangu naye alipiga simu kutoka Ibadakuli kunikumbusha kwamba ng'ombe wa mahari walishagawanywa, kwa hiyo nirudi kwa mume.

Nikarudi. Sikupiga magoti.

Asubuhi yake niliingia zizini na kikombe cha bati. Kwao mwanamke hakamui. Nilimwachia ndama anyonye kwanza, kama nilivyoona wakifanya, nikamvuta pembeni nikachuchumaa kwenye kinyesi. Ng'ombe alinipiga teke la begani. Baba mkwe alisimama langoni anasema ng'ombe atakauka huyo, mwanamke ameshamgusa. Mume wangu alikuwa nyuma yake, ameinamisha macho. Aliyeingia ni mama mkwe. Alifunga miguu ya nyuma ya ng'ombe kwa kamba, akaniambia hataki nife zizini nikamwachia kesi, akatoka.

Nilipata nusu kikombe, ndani kuna nywele na nzi. Nikachuja kwa kanga, nikachemsha, nikampa binti yangu akanywa mpaka akalamba bati. Nilipoinua macho watoto wa mashemeji wote walikuwa wamesimama mlangoni kwangu, matumbo mbele, kila mmoja ameshika kikombe chake. Hakuna aliyewaita.

Nikachukua kikombe, nikarudi zizini.