Kipandauso Kwenye Ukingo wa Kreta

Aliyeniambukiza mafua alikuwa mtalii mstaafu niliyekuwa nikimwendesha, mwenye adabu zote isipokuwa ya kuziba mdomo anapopiga chafya ndani ya gari. Jumapili nikaamka nawaka homa. Nikamfuata bosi wangu pale Karatu kabla hajapanga safari, nikamweleza ukweli: mafua yakinishika, siku tatu baadaye kipandauso hufuata. Kichwa hupasuka upande mmoja, macho hupoteza nusu ya dunia. Ilikuwa imeshanitokea mara tatu. Sijui kama ni kirusi chenyewe, au kutolala na kutokula. Mara tatu si ushahidi, hilo nalijua. Daktari naye hakujua. Kipimo kilisema sina malaria, akaniandikia dawa ya malaria.

"Kichwa chako kina kalenda?" bosi akauliza. "Jumatano unateremsha wageni kreta. Ukishindwa, mkataba wa kudumu nampa mwingine."

Mkataba huo nilikuwa nimeusubiri mwaka mzima. Nikaenda. Ujinga huo ni wangu, sina wa kumsingizia.

Jumatano asubuhi, juu kabisa ya barabara ya kuteremkia, mstari wa mwanga wenye meno kama msumeno ukaanza kucheza upande wa kushoto. Ukingo wa barabara ukafutika. Nikasimamisha gari, nikashika redio, nikaomba dereva wa kunipokea.

"Msomi anaumwa kwa ratiba!" mmoja akajibu; kumbe bosi alishawasimulia.

"Kaka, jifunge kitambaa kichwani uteremke," akadakia mwingine. Wakacheka.

Kisha sauti ya bosi: "Shuka. Dawa utameza huko chini."

Redioni ndiko madereva huambiana simba yuko wapi, kwa Kiswahili, tena kwa majina ya mafumbo, wageni wasijipe matumaini mapema. Wageni wangu waliposikia zile kelele wakachomoa kamera. "Faru?" mmoja akaninong'oneza, akinigusa bega.

Nikazima injini.

Bosi alifika baada ya zaidi ya saa moja. Nilikuwa nimeshatapika mara mbili kando ya gari, koti nimejifunika kichwani. Alinyoosha mkono, nikampa funguo. Akawageukia wageni na lile tabasamu lake la kazini, akawaambia nina malaria.

Wakamwamini papo hapo. Mama mmoja akanipa maji yake, machozi yakimlengalenga.

Mkataba alipewa yule aliyeniita msomi.