Ma Dafroza na Albamu Iliyoanza na Maji

Dafroza wa Nyaishozi alikuwa na miaka sabini na miwili, shamba la migomba lililotunzwa kuliko la padri, magoti yanayouma mvua ikikaribia, na maoni juu ya muziki wa roki. Hayo maoni ndiyo yaliyompa jina, na wala hakuyatafuta. Siku hiyo alikwenda dukani kwa Zuena kununua chumvi, akamkuta Anwar, mtoto wa Zuena, yule aliyesoma Dar es Salaam akarudi kutangaza redio, ameweka kitu kwenye spika na amefumba macho kama mtu anayeombewa.

"Anwar, hilo gita linaumwa nini?"

"Shikamoo, bibi. Haliumwi. Hii ni roki ya majaribio. Hawa jamaa wanavunja kanuni."

"Marahaba. Kanuni ipi? Ngoma inakwenda vilevile tangu nimeingia hapa. Gita ndilo linayumba juu yake kama mlevi juu ya baiskeli. Mlevi hajavunja baiskeli, Anwar. Amepanda vibaya tu."

Anwar akafumbua macho. Akarudisha ule wimbo mwanzo, akasikiliza ngoma, akaona kweli haijabadilika hata kidogo. Miaka minne alikuwa anausifia wimbo ule kwa watu.

Basi ndivyo ilivyoanza. Kila Jumamosi saa nne asubuhi Anwar alipiga albamu moja redioni, halafu akampigia Dafroza simu, na Dafroza akasema alichosikia. Alikubali kwa masharti mawili: apelekewe albamu mapema kwenye kadi aisikilize kwa nafasi yake, na asiambiwe asante kwa maoni mazuri, kwa sababu hakukusudia yawe mazuri.

Watu wa wilaya za Karagwe na Kyerwa waliokuwa hawajui roki ni nini wakawa wanaacha jembe ili wamsikie. Kuna kundi moja la Ulaya lilikuwa na wimbo wa dakika ishirini na mbili. "Nimeinjika maharage walipoanza," alisema Dafroza, "yameiva, nimekula, nimeosha sufuria, na wao bado wanatafuta mlango wa kuingilia." Mwimbaji mwingine alikuwa ananong'ona albamu nzima. "Kama ni siri, kwa nini ameirekodi?" Albamu nyingine ilikuwa na kimya cha dakika tatu katikati, na Anwar akaeleza kwamba kimya nacho ni muziki. "Kimya ninacho hapa nyumbani," akajibiwa, "tena cha kwangu kina kuku."

Lililomchukiza zaidi lilikuwa lile neno majaribio. "Mtu akijaribu dawa hakinyweshi kijiji kizima," alisema. "Jaribuni kwenu, mkipata mtuletee."

Kelele yenyewe hakuichukia. Alisema mvua juu ya mabati ni kelele na watu wanalala. Alichochukia ni uongo. Mtu anayelia hana msiba, anayefoka hana ugomvi, huyo alimsikia kabla wimbo haujafika nusu.

Sikio hilo alilipata utotoni. Baba yake alikuwa mkamuaji wa rubisi, pombe ya ndizi, na kazi ya kukanyaga ndizi ilikuwa ya wanaume. Msichana hakusogelea mtumbwi wa kukamulia, ule tunaouita obwato. Lakini vibuyu viliandaliwa na wanawake, nao walitaka kujua lini juisi, mramba, inatoka. Kwa hiyo mama yake alimkalisha nyuma ya ukuta wa nyumba: "Kaa hapo. Ukisikia imetoka, niite." Akawa anakaa na mgongo ukutani, anasikia miguu inavyopanda na kushuka kwenye ndizi na nyasi. Mwanzo mlio ni mkavu, unakwaruza. Halafu nyasi zinalegea, mguu unanasa, unavutwa. Halafu ghafla unateleza. Hapo ndipo alipoita. Akiwa na miaka tisa alishaacha kukosea, na majirani walikuwa wanamwazima.

Sasa, mtu mwenye sikio kama hilo si rahisi kuishi naye, na aliyeyaona hayo kuliko wote ni Rwegoshora.

Rwegoshora alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake. Dafroza alimchukua akiwa na miaka minne, akamlea, akamsomesha, akampa chumba cha upande wa barabarani. Akakua, akaimba kwaya kanisani, akanunua gita Bukoba. Siku moja akamwita mama yake mkubwa akae kwenye kiti, akamwimbia wimbo alioutunga juu ya mama yake aliyekufa. Ulikuwa wimbo wa machozi mengi. Alipomaliza akauliza, "Umeuonaje?"

Dafroza akasema, "Mama yako alikuwa mtu wa kuchekesha watu mpaka kanisani. Huyu unayemlilia mimi simjui."

Ilikuwa kweli. Rwegoshora akafunga begi jioni ileile, akaenda Kaisho kusimamia mashamba ya kahawa ya mtu. Miaka miwili sasa hajakanyaga ua ule, hata Krismasi. Dafroza alikuwa akifagia chumba chake kila Jumatatu. Alimtaka arudi, alimtaka kuliko alivyotaka magoti mapya. Lakini kumwita hakumwita. Amwite aseme nini? Kwamba wimbo ulikuwa mzuri?

Alhamisi moja Anwar akaja kwa pikipiki na kadi mkononi. "Bibi, safari hii ni ya vijana wa hapa hapa, Kyerwa. Roki, lakini wameweka na sauti za kwetu. Majina hawakuandika."

"Wana aibu. Mwanzo mzuri."

Ijumaa asubuhi akakaa ukumbini anamenya ndizi na jirani yake Benadeta, redio ndogo katikati yao. Nyimbo nane. Wa kwanza gita lilikwaruza kama mtu anakokota kitanda. Wa pili msichana alipiga kelele juu ya upweke. "Mpweke gani ana wapiga ngoma wawili?" alisema Dafroza, akatupa ganda. Wa tatu ulikuwa wa pili, umegeuzwa.

Wa nne ukaanza bila gita. Miguu. Mtu anakanyaga ndizi.

Dafroza akaacha kisu.

"Nini?" Benadeta akauliza.

"Nyamaza."

Mguu wa kulia ulishuka sawa. Wa kushoto ulishuka mzito, ukachelewa kidogo kutoka. Ule mguu ulivunjika barabara ya Mabira, pikipiki ilipoteleza, na Dafroza ndiye aliyeukanda maji ya moto miezi mitatu. Asingeusahau.

"Ni Rwegoshora," akasema.

Benadeta akapiga makofi. "Ee waitu! Si nilikwambia? Huyu anakubembeleza! Ameweka obwato, ameweka mambo ya kwenu, anajua ni wewe unayehukumu. Ma Dafroza, kesho msifie. Neno moja tu. Jioni utamwona hapo getini."

Dafroza akashika redio. Aliurudisha wimbo, akausikiliza tena. Akaurudisha mara ya tatu, na uso wake ukawa unakaza.

"Kuna maji," akasema.

"Maji gani?"

"Kwenye obwato. Tangu hatua ya kwanza. Sikiliza, chwa, chwa, chwa. Ndizi haijatoa hata tone, tayari kuna maji. Na nyasi hakuna kabisa. Huyu ameanza na maji."

Hapa kwetu mtu akisema fulani ameanza na maji, hajasema jambo dogo. Juisi hukamuliwa kwanza mpaka itoke yenyewe, ndipo maji yanaongezwa kwa kipimo. Anayeanza na maji ni yule anayetaka pipa lijae upesi, awanyweshe wageni maji ya ndizi kwenye harusi ya mwanawe. Watu huondoka mapema, na hawasemi kwa nini.

"Sasa hayo maji utayataja?" Benadeta akauliza taratibu.

"Nimeyasikia."

"Dafroza! Wilaya mbili zinakusikiliza. Ukisema hilo, yule hatakuja hata kukuzika."

"Na nikisema uongo atakuja kumwona nani? Mimi sitakuwepo. Atamkuta bibi fulani anayesifia ovyo."

"Una kichwa kama jiwe la kusagia."

"Menya ndizi."

Lakini siku hiyo hakula. Benadeta aliona, akamalizia kumenya ndizi mwenyewe.

Jumamosi saa nne na nusu Anwar akapiga. Benadeta alikuwa ameshakaa, kanga mdomoni. Dafroza akaweka simu mezani, sauti ya nje.

"Bibi yetu wa Nyaishozi, albamu ya vijana wetu umeionaje?"

"Nimeisikia yote, ambayo ni adhabu. Wimbo wa kwanza ni fanicha. Wa pili, yule binti ana sauti nzuri, ameificha ndani ya mayowe, sijui anamwogopa nani. Wa tano mpaka wa nane ni watu waliochoka, wangelala. Tatizo langu ni wa nne."

"Wa nne! Ule wa miguu! Bibi, ule mimi umenitoa machozi."

"Pole. Umelilia maji. Aliyekanyaga ndizi zile ameanza na maji, na nyasi hakuweka. Anataka tuamini yuko nyuma ya nyumba ya babu yake, kumbe amesimama kwenye beseni la ndizi mbichi. Gita la uongo nimelizoea, wazungu wametuletea mengi. Lakini huu mguu haukufundishwa hivyo. Ninajua kwa sababu mguu huo nimeulea mimi."

Redioni simu nyingine ikalia. Kisha Anwar akasema kwa haraka, "Bibi, kuna mtu kwenye simu nyingine. Anasema ni wa bendi. Naziweka pamoja."

Kukakwaruza, halafu sauti ikaja. "Shikamoo, Mama mkubwa."

Benadeta akashika kifua.

"Marahaba. Unaniamkia redioni? Mlango wangu umeuona na kufuli?"

"Mama mkubwa, watu wanasikiliza."

"Wasikilize, si ndiyo kazi ya redio. Ulianza na maji, hukuanza?"

Akavuta pumzi. "Tulikuwa na chumba cha kurekodia kwa saa tatu tu. Ndizi hazikuwa zimeiva. Tumekanyaga, tumekanyaga, hakuna kitu. Niyigena, yule anayeimba, ndiye akasema tuweke maji isikike. Nani angejua?"

"Haya, nani amejua?"

"Wewe. Wewe siku zote!" Sauti ikapanda. "Nikikuletea wimbo wa mama, siyo. Nikikuletea obwato, siyo. Hivi kuna siku nitaleta kitu ukae kimya ukipokee?"

"Siku utakayoleta kweli yake. Nilikulea ule kweli, ulale kweli, sasa nikupe uongo uzeeni? Kama unataka kusifiwa, Benadeta yuko hapa, anasifia hata mbuzi."

"Eti mbuzi!" Benadeta akasema, na wilaya mbili zikamsikia.

"Kwa hiyo unataka nifanye nini?" Rwegoshora akauliza.

"Mimi ni msikilizaji. Sikupangii. Ila shimo la kuvundikia ndizi liko palepale, na obwato wa babu yako haujapasuka."

Simu ikakatika. Anwar akaweka tangazo la mbolea.

Wiki ya kwanza hakuja mtu. Sokoni wanaume walitaniana, "Wee, usije ukaanza na maji," na Dafroza alipita katikati yao bila kucheka. Wiki ya pili Benadeta akasema, "Nilikwambia," akasema tena kesho yake, na Jumapili akalisema kanisani. Dafroza akafagia chumba Jumatatu kama kawaida. Usiku magoti yalimuuma na mvua haikunyesha.

Wiki ya tatu, Jumanne mchana, Rwegoshora akaja na mikungu miwili ya embire, ndizi za pombe, begani na yule binti Niyigena nyuma yake na mfuko wa vifaa. Hakuomba radhi. Dafroza naye hakuomba. "Hiyo mikungu ni mibichi," alisema. "Ndiyo," akajibu kijana, "ndiyo maana nimeileta kwenye shimo." Akaenda kufukua shimo, akalipasha moto, akapanga ndizi, akafunika kwa majani na udongo. Siku tano zinahitajika. Hakuuliza atalala wapi.

Siku tano zile walisemeshana mambo ya kahawa, na ya chumvi, na nani amekufa Kaisho. Gita halikutajwa. Siku ya sita akafukua, ndizi zikatoka za njano zinanukia, akazimenya, akakata nyasi mwenyewe, akaosha miguu mpaka magotini. Niyigena akatega kinasa sauti. Dafroza akachukua kigoda chake, akakiweka nyuma ya ukuta, akakaa na mgongo ukutani. Benadeta akaja akakaa chini pembeni yake.

Miguu ikaanza. Mkavu, unakwaruza. Muda mrefu, mpaka Benadeta akaanza kusinzia. Rwegoshora alihema, akapumzika, akarudi, wala hakuna aliyemwambia aharakishe. Nyasi zikalegea. Mguu ukanasa, ukavutwa, ukanasa.

Kisha ukateleza.

Dafroza hakuita mtu. Alikaa vilevile, mikono juu ya magoti, mpaka miguu iliposimama yenyewe.

"Je?" Benadeta akanong'ona. "Sema kitu, mama. Anakusubiri."

Dafroza akainuka taratibu, akakung'uta kanga.

"Zile nyimbo saba nyingine ni takataka," akasema kwa sauti ya kuvuka ukuta. "Mwambie anawe aje kula, nimweleze mmoja mmoja. Na yule binti aje, nina maneno naye."

Upande wa pili wa ukuta Rwegoshora akacheka, kicheko cha mama yake hasa, kile cha kanisani. Akaja na miguu inayonata, akakaa kwenye mkeka.

"Haya, Mama mkubwa," akasema. "Wa kwanza."

"Wa kwanza," Dafroza akasema huku akipakua, "ni kitanda kinakokotwa. Kwa nini mlikokota kitanda?"