Picha ya contrôle ya mguu wa dada yangu ilivyosomwa na wakwe kabla ya daktari

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisangani. Haya yametokea nyumbani kwetu, sikuongeza chumvi.

Mimi ni mtu wa kukaa ndani. Kutoka mtaa wetu wa Mangobo hadi Makiso mjini kwangu ni safari ya kuagana na watu. Ila dada yangu mdogo, Furaha, alipoanza kuumwa paja, kiti changu nilikiacha.

Scanner ilionyesha kauvimbe kadogo ndani ya mfupa. Si kansa.

Tukampeleka Kampala. Madaktari wa huko wakapitisha sindano hadi kwenye mfupa, wakakachoma kwa joto. Hakupasuliwa. Siku chache tu, maumivu yakakatika.

Wakatuambia: baada ya miezi kadhaa, apigwe picha ya contrôle, ya kuangalia kama amepona, huko kwenu.

Wakati huo Furaha alikuwa na mchumba, Trésor. Familia zilishakubaliana. Hadi group ya WhatsApp ya ndoa ilikuwepo, matantine, yaani mashangazi wa pande zote mbili, wanagombania rangi ya vitambaa.

Picha ya contrôle ikatoka Ijumaa. Daktari wa kuisoma alikuwa anarudi Jumatatu.

Tonton wetu, kaka wa mama, hakuweza kungoja. Akaishikilia dirishani, akaipiga picha kwa simu, akaitupa kwenye group: "Mutoto yetu amepona! Mungu iko!"

Tantine wa Trésor akaikuza.

"Bon, Tonton, na ile kashimo nyeusi kwa mufupa iko nini?"

Tonton hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe: "Iko kivuli ya dirisha."

Hapo tukaisha. Tantine akarudi:

"Kivuli inaingiaka ndani ya mufupa? Donc munatuficha ugonjwa!"

Jumatatu daktari alieleza bila wasiwasi: shimo ni pale palipochomwa. Mfupa unajijaza polepole, mgonjwa anaweza kupona na picha ikachelewa kuonyesha.

Akamuuliza Furaha: "Unasikia maumivu?"

"Hapana, docteur."

"Basi iko bien. Maumivu ikirudi, ukuye mbio. Isiporudi, tutaonana kwa contrôle ya pili."

Furaha akatuma sauti kwenye group, akaeleza yote vizuri kuliko ninavyoeleza mimi hapa.

Trésor akampigia: "Mama anasema tungoje kidogo."

Matantine wa upande wa Trésor wakaanza kutoka kwenye group, mmoja mmoja. Tukabaki sisi tu, tunajisalimia wenyewe asubuhi. Kabla ya contrôle ya pili, Trésor alikuwa ameshaoa mwingine, huko Bengamisa.

Contrôle ya pili: shimo limejaa, karibu halionekani. Daktari, asiyejua lolote la uchumba uliovunjika, akafurahi mno.

"Mama, sasa hata kesho unaweza kuolewa, ucheze ndoa nzima!"

Furaha akacheka naye. Akamshukuru.

Kwenye pikipiki aliegemeza uso mgongoni kwangu njia yote. Tulipofika, shati langu lilikuwa limelowa, na mvua haikunyesha.

Nilichojifunza: picha ya namna hii isiondoke mkononi mwa mgonjwa kabla daktari hajaisoma. Na hata ikishasomwa, ni mfupa wake, aulizwe kama anataka uonekane. Sisi wote tulishangilia kwenye group. Hakuna aliyemuuliza Furaha.

Mliotibiwa hivi, au mnaouguza mtu, semeni hapa: mfupa ulichukua muda gani kujaa? Na ndugu mliwaelezaje?

Furaha atasoma majibu yenu. Mimi nitanieni mtakavyo, yeye mwacheni.