Mashine ya Wasichana Watatu

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa amesoma gazetini kwamba huko Amerika kuna kiwanda kinachotumia mikono ya chuma. Mkono mmoja unaweka, mwingine unagonga, mwingine unaondoa, na hakuna hata mmoja wenye macho. Akasema siku ya wazazi tutaonyesha jambo hilo kwa kufyatua matofali. Wasichana watatu wakazunguka meza, wamefungwa vitambaa machoni: wa kwanza ajaze udongo kwenye kalibu ya mbao, wa pili aushindilie kwa ubao, wa tatu ainue kalibu. Mimi nikapewa kuhesabu, ili kila mmoja ajue zamu yake.

Nilifurahi, nikaogopa. Mama angekuja kutoka Mbita, na nilikuwa nimeshamwandikia kwamba nina kazi kubwa. Lakini sauti yangu hata jirani yangu wa dawati huwa haisikii.

"Moja," nikasema siku ya mazoezi. "Mbili."

"Mayo! Vidole vyangu!" akalia yule wa udongo.

"Si uhesabu kwa nguvu!" akanirukia wa ubao. "Ama unawahesabia panya?"

Kesho yake nilipaza sauti mpaka koo likauma, na bado ubao ukamwangukia yule wa udongo vidoleni. Hapo ndipo nilipoangalia vizuri. Udongo wetu unanata. Mara unatoka mkononi upesi, mara unamng'ang'ania mtu. Nilikuwa nasema mbili na yeye bado yuko kwenye moja. Hesabu yangu haikujua mkono wa mtu uko wapi.

Basi dawa ilikuwa rahisi: kila mmoja akishatoa mikono, amguse anayemfuata kwa kiwiko. Asiyeguswa asisogee. Lakini wakifanya hivyo, mtu wa kuhesabu ni wa nini? Nilitaka sana kunyamaza. Jioni, wakati wa kusoma, nikamwona yule wa udongo akijaribu kushika kalamu kwa vidole vilivyovimba. Nikaenda kwa mwalimu.

Alinisikiliza, akacheka kidogo. "Na wewe sasa utafanya nini?"

"Sijui, Mwalimu."

"Haya. Utaianzisha mashine."

Siku ilipofika, nilimgusa wa kwanza kiwiko mara moja tu, kisha nikaenda kuketi kando ya Mama. Tofali likatoka, na lingine. Viwiko vikapokezana, wakati mwingine upesi, wakati mwingine polepole, na hakuna aliyelia.

"Kazi yako ndiyo hiyo tu, nyathina, mwanangu?" Mama akaninong'oneza.

"Ndiyo hiyo tu, Mama."

Aliendelea kuitazama ile mikono. "Na ni nani aliyewafundisha kungojana hivyo?"

Nikatazama viatu vyangu. "Ni mimi."

"Nani?"

Nikasema tena, na safari hii mzazi wa upande wa pili akageuka kunitazama.