Chai ya Puani

Bibi, fundi cherehani, alizaliwa na kaakaa lililopasuka. Alishonwa angali mchanga, lakini mshono ukafumuka, likabaki tundu. Akinywa chai, nyingine inamtokea puani, na wajukuu wanavunjika mbavu kwa kicheko.

Uzeeni akaenda hospitali. Daktari akamchungulia kinywani kwa tochi.

"Tundu lenyewe dogo, katikati ya kaakaa gumu. Hilo linazibika, Mama."

"Aliyenishona zamani alivuta kitambaa kikakaza mno," Bibi akafoka. "Wewe usinibane."

Akazibwa vizuri. Kidonda kilipopona, wajukuu wakamzunguka mezani, macho yote puani. Bibi akamaliza kikombe kizima, pua kavu kama jiwe. Kitinda mimba akaangua kilio, akamkimbilia mama yake.

"Mama, hospitali wamemharibu Bibi."