Chai ya Mama Mkwe na Kidonge cha Thairoidi

Nilipoolewa Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, mama mkwe aliniita Nyar Nyeri, yaani binti wa Nyeri, akaniwekea sharti moja tu: chai yake ya asubuhi niinywe ikiwa moto. Akirudi kutoka ufuoni kununua samaki wa kuuza, huchemsha maziwa mengi na majani kidogo, kisha hukaa mbele yangu anitazame nikimeza. Kwa bahati mbaya, daktari naye alikuwa na sharti lake.

Miezi michache kabla ya harusi nilikuwa nikilala kama gogo, nywele zikinitoka kwa mafungu, na katika joto hili la Kisumu nikivaa sweta wenzangu wakijipepea kwa magazeti. Nikapimwa damu. Daktari akasema thairoidi, tezi iliyo shingoni, imezembea. Ndiyo inayoamuru mwili ukimbie au utambae, na wangu ulikuwa unatambaa. Akanipa kidonge cha kila asubuhi: nimeze kwa maji, tumbo likiwa tupu, kisha nisubiri saa nzima kabla ya kula au kunywa chochote kingine, hasa maziwa.

Mume wangu alijua. Mama yake nilimficha, kwa uoga. Huku kwetu ukionekana unameza dawa kila siku kwa saa ileile, watu hawakuulizi jina la ugonjwa, wameshakuchagulia. Nilijaribu kuamka kabla yake nimeze mapema, lakini mama mkwe haamki, huwa ameshaamka; nikifumbua macho, ameshatoka ufuoni na maziwa yako jikoni. Basi nikawa nameza kidonge kwa siri na kumwaga chai. Akitoka kufukuza kuku, kikombe kizima kinaishia kwenye mgomba ulio nje ya dirisha. Mgomba ule ulinawiri kuliko bibi harusi.

Siku ya tisa akaniona. Jioni nikamsikia kibarazani akimwambia mume wangu.

"Bibi yako anaogopa mkono yangu. Miaka yote nimepikia watu hapa, hakuna mtu amekufa. Sasa mimi ndio mchawi?"

Niliona aibu mpaka masikio yakanichoma, maana mwanamke akishaitwa mchawi ufuoni, samaki wake huoza mbele yake. Nikatoka na chupa ya vidonge, nikamweleza yote, kuanzia usingizi hadi nywele. Alinibonyezabonyeza shingo kama anayekagua samaki asiuziwe wa jana.

"Si ugonjwa ule, Mama," nikasema.

"Nani ametaja ule? Utameza mpaka lini?"

"Maisha yangu yote."

"Na hiyo saa nzima unakaa tu hivyo, na njaa?"

"Nakaa tu, Mama."

Akaingia kulala bila kuniaga. Nilijua nimekwisha.

Asubuhi nilimkuta amemimina vikombe viwili na kuvifunika kwa visahani. Jirani akaingia, akapewa kiti, chai hakupewa.

"Tunangoja," mama mkwe akamwambia.

Nilimsihi anywe chake. Alikuwa amesimama ufuoni tangu alfajiri, na tumbo lake lilinguruma tukalisikia sote.

"Wewe kunywa maji yako," akasema. "Mimi siwezi kunywa chai na mtoto wangu ananiangalia."

Tukakaa watatu, macho kwenye saa ya ukutani.