Chumba Kilichokuwa Kimeshachukuliwa

Mhadhiri wetu wa sosholojia alipotuambia kwamba rangi ya mtu haina maana mpaka watu waipe maana, nilicheka peke yangu. Hilo nilishafundishwa nyumbani. Baba yetu alikuwa Mhindi muuza vipuri mtaa wa Gerezani, mama ni Mzaramo wa Buguruni. Kaka yangu alitoka na nywele na rangi ya baba, mimi nikatoka mama mtupu. Sokoni Kariakoo kaka anapigwa bei ya Mhindi. Mimi nikiingia duka la Mhindi, naulizwa nimetumwa na nani.

Mwaka wa pili nilitafuta chumba na sebule karibu na soko, jirani na chuo, maana kutoka Buguruni nilikuwa nachelewa vipindi, na mtihani mmoja nilishaukosa. Nilimpigia simu mama mwenye nyumba, nikataja jina la baba. Akachangamka. "Njoo mwanangu, chumba kipo." Nilipofika na kumwamkia, aliitikia marahaba huku akichungulia nyuma yangu, kama anamngoja mtu mwingine.

"Kimeshachukuliwa," akasema.

Kesho yake nikamtuma kaka. Akapewa chai, akapewa na funguo. Tukakubaliana tuishi wote, mimi chumbani, yeye sebuleni. Nilijiona nimemkomesha yule mama.

Siku ya kuhamia nilikuwa na godoro kichwani tulipokutana naye kwenye ngazi. Akamuuliza kaka, "Huyu binti wa kazi umemtoa wapi?"

Nilimtazama kaka. Jibu lilikuwa jepesi na lilikuwa lake. "Nyumbani," akasema.

Nikalitua godoro palepale. Nikapaza sauti mpaka majirani wakafungua milango: "Mama, mimi na huyu baba mmoja, mama mmoja! Mimi ndo nilikupigia simu! Haya, sema, chumba kilichukuliwa na nani?"

Yule mama akadai funguo zake. Kaka akazirudisha, kisha akaninong'oneza, "Umeniharibia bwana. Mambo yalikuwa yameshakaa poa."

Kwake yalikuwa yamekaa. Ndiyo maana niliyavuruga, na ningeweza ningeyavuruga tena.

Sasa wote tunaamka alfajiri Buguruni kwa mama, tunagombania bafu moja. Bado nachelewa vipindi, na inaniuma. Kaka amenuna, lakini asubuhi njaa humshinda, akaniomba chai. Namwambia amwombe binti wa kazi.